Kilo Sitini na Nane

Malongo alirudi Jumamosi kwa treni ya usiku,
akashuka Usoke na kiroba kimoja na koti la mtu mwingine.
Miaka mitatu ya gereza la Uyui ilimkondesha shingo.
Asubuhi yake akaja kanisani, benchi la nyuma, karibu na mlango,
kama mtu aliyeingia kuulizia njia.

Mchungaji Kasanda akaniita mbele.
"Mama Shigela, mpe ndugu yako mkono.
Kwa Kristo hakuna mtumwa."
Kwaya ikajiweka sawa.
Mkono wangu ukabaki kwenye mkunjo wa kanga.

Si kwamba sikuwa nimesamehe.
Nilisamehe masika ya kwanza, nikipalilia,
sikumwambia mtu, nikahamia tuta lililofuata.
Lakini nilipeleka chamani marobota kumi na saba ya tumbaku,
na kila robota lilipopanda
mizani ilisema kweli, kalamu ya Malongo ikakataa:
kilo nne, kilo nne, kilo nne.
Shule siijui. Hesabu hiyo naifanya usingizini.
Sitini na nane. Hiyo ndiyo ada ya kidato cha tatu,
ndiye Shigela wangu aliyedandia lori kwenda machimboni Chunya
akaniachia madaftari.

Nikasema, na kanisa lote likasikia:
"Mchungaji, msamaha ninao mimi, nitampa.
Kilo zangu anazo yeye. Naye alete."

Mzee Nkuba akakohoa. "Mama, deni lilishalipwa msalabani."
"La Mungu, ndiyo.
La tumbaku bado liko daftarini."

Bibi yangu alizaliwa na mtu aliyepitishwa nchi hii shingo ikiwa mtini.
Alituonyesha kwa kijiti chenye panda:
huku mmoja, huku mwenzake.
Wa mbele akijikwaa, alisema, wa nyuma hukabwa.
Nilimtazama Malongo kule mlangoni
nikajikuta najipapasa koo.

Akasimama. Hakulia, nilidhani atalia.
"Sitini na nane nazikubali.
Ila nina neno, kama mwizi anaruhusiwa neno.
Mwanangu Kabula alikuwa na miaka tisa.
Alipokuja kisimani,
nani alikuwa akimwaga ndoo yake?"

Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli.
Tuliisikiliza wote.

Ni mimi.
Mara ngapi, sikumbuki, sikuandika.
Aliyeibiwa naye ana kalamu yake,
na ya kwangu ilimpunguzia mtoto maji.

Hatukushikana mikono siku ile.
Kwaya iliimba hivyo hivyo, kwa kuwa ilishasimama.

Alhamisi akaja na mahindi kwenye kiroba kile kile.
Nikaning'iniza mizani kwenye nguzo ya bani,
nikasogea nyuma, kila mtu aone mshale.
Anapima baba, anaandika binti,
nami namchotea Kabula ndoo, namtwisha,
namsindikiza hadi penye mteremko.
Siku za kwanza aliishika ndoo kwa mikono miwili,
jicho moja kwangu.
Simlaumu.

Wapo wanaosema nimemfunga tena mtu aliyefunguliwa.
Wapo wanaosema nilimwachia mno, ningeita mgambo.
Mimi najua kwamba Malongo sasa anapita mbele ya duka la chama
bila kuzunguka nyuma ya ghala,
na kwamba nikilala sihesabu.
Kama huo si uhuru, basi ni jirani yake wa karibu.

Shigela hajapiga simu.
Hilo Malongo hawezi kulipima, nami sikumwomba.
Yako madeni tumeyaacha mezani pa Bwana,
yakae pale, Yeye ana macho.

Hadi juzi zilibaki kumi na nne.
Jana ameleta karanga, kilo tatu na robo.
Kabula akaandika tatu.
Nikamwambia, mwanangu, rudi hapo.
Hiyo robo ni ya baba yako.
Iandike.